Maiki inakaanga kila masika: je, kapsuli imekufa?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina studio ndogo hapa Tanga, narekodi kaswida, taarabu na matangazo ya redio. Miaka minne iliyopita nilinunua Neumann U 87 Ai ya mtumba, na ndiyo maiki inayonilisha. Tangu masika ya mwaka jana inatoa mlio kama mafuta ya kukaangia, hasa asubuhi, na mara nyingine inapasuka "pop" yenyewe bila mtu kuimba. Kiyoyozi kikishafanya kazi saa mbili tatu hutulia. Siku hizi naona hata besi imepungua. Fundi aliyeisikiliza amesema kapsuli imekufa, niagize nyingine anifungie, na bei aliyonitajia imenitoa jasho. Nibadilishe? Na niitunzeje ili inifikishe mbali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usibadilishe, angalau bado. Dalili ulizonitajia ni za kapsuli chafu iliyoshika unyevu, si za kapsuli iliyokufa, na gharama ya kutibu hizo mbili haifanani hata kidogo. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Fundi mwenye kapsuli ya kuuza ataona kapsuli mbovu kabla hajaugusa waya. Simwiti mwongo. Pengine aliwahi kusikia mkaango kama wako, akabadilisha kapsuli, ukakoma. Lazima ukome, maana kapsuli mpya ni safi. Masika ya pili au ya tatu ungerudi.

Ngoma nimeitaja kwa sababu nyingine pia. Kapsuli ya maiki ya kondensa ni ngoma hasa. Kuna kiwambo, yaani filamu ya plastiki yenye unene wa mikroni 6 hivi (unywele wako mmoja una kama 70), kimewambwa kwenye pete na kupakwa dhahabu nyembamba ili kipitishe umeme. Nyuma yake kuna bamba la shaba lenye vitundu, na katikati hewa ya makumi ya mikroni tu. U 87 ina viwambo viwili, mbele na nyuma. Kiwambo na bamba ni kapasita ya makumi ya pikofaradi, nayo hupewa chaji kupitia rezista kubwa ajabu, gigaomu 1 kwa kawaida. Sauti ikitikisa kiwambo, nafasi hubadilika, volti hubadilika nayo, na transista ya FET iliyo karibu huisoma hiyo volti. E. C. Wente alilibuni jambo hili Marekani mwaka 1916, na mpaka leo hakuna aliyeligeuza shina lake.

Sasa fikiria chaji hiyo inalindwa na nini. Kati ya kiwambo na bamba kuna pete ya kihami, na kihami hicho kinatakiwa kuwa na ukinzani mkubwa kuliko ile gigaomu 1. Kikiwa safi na kikavu hakuna tatizo. Lakini miaka minne ya waimbaji wako, pamoja na miaka ya mwenye mali wa kwanza ambaye hatumjui, imeacha utando wa mate, vumbi, moshi na chumvi ya bahari. Utando huo ukiwa mkavu hausumbui. Hewa ya asubuhi ya masika ikiingia, chumvi inanywa maji na kuwa njia. Chaji inavuja kwenye njia hiyo kwa mirukomiruko midogo, na kila mruko FET inaukuza kwa uaminifu ule ule inaoikuza sauti ya mwimbaji. Huo ndio mkaango wako. Kiyoyozi kikikausha chumba, njia inakatika, maiki inatulia. Kapsuli iliyokufa haisikilizi kiyoyozi.

Na besi? Chukua kapsuli ya pikofaradi 80 na ukinzani wa gigaomu 1: besi inaanza kukatika kwenye hezi 2, mbali chini ya sikio la mtu. Unyevu ukiushusha ukinzani hadi megaomu 10, mkato unapanda hadi karibu hezi 200. Hapo dufu linabaki mkwaruzo wa ngozi bila mvumo, na sauti nzito ya kiongozi wa kaswida inakuwa kama inatoka kwenye simu. Kwa hiyo mkaango na kupotea kwa besi si magonjwa mawili. Ni uvujaji mmoja unaousikia kwa njia mbili.

Hata hivyo, kabla hujaifungua maiki, anzia nje. Kuna mwaka nililetewa maiki kwa basi kutoka Mtwara, imefungwa kanga tatu kama mtoto mchanga, na kikaratasi kinachosema imekufa, niione tu kama ina vipuri vya kuuza. Nikaichomeka kwa waya wangu. Nzima! Waya wao ndio uliokuwa na nyuzi za ngao zilizokatika shingoni mwa plagi, mahali pale unapokunjwa kila siku, kwa hiyo fantomu, yaani umeme wa volti 48 ambao miksa inailisha maiki kupitia waya, ilikuwa inaingia na kutoka kila waya ukitikiswa. Badilisha waya, badilisha chaneli ya miksa, kisha weka maiki nyingine ya kondensa kwenye waya na chaneli ile ile. Kazi ya dakika kumi.

Kisha pima fantomu. Washa, chomoa maiki, weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye pini 1 ya waya, nyekundu kwenye pini 2, halafu pini 3. Kote usome 48, kiwango kinaruhusu 44 hadi 52, na pini mbili zisipishane kwa zaidi ya sehemu ndogo ya volti. Zikipishana sana, huenda rezista moja kati ya zile mbili za kilo-omu 6.8 ndani ya miksa imechoka, na mkondo wa ziada unapita kwenye transfoma ya maiki yako ambako haukualikwa. U 87 Ai haina ulafi, inakula miliampia 0.8 tu, kwa hiyo ikichomekwa volti hushuka chini ya 3. Linganisha na KM 184 ya kampuni hiyo hiyo inayokula 3.2 na kushusha karibu volti 11. Ndiyo maana kisanduku dhaifu cha kuunganishia maiki na kompyuta kinaweza kuilisha moja ikashiba na nyingine ikalala njaa.

Hizo volti 48, kama hujui, zina kisa chake. Mwaka 1966 Neumann walikwenda Norway na maiki mpya ya transista, KM 84, na redio ya taifa ya huko, NRK, ikataka ilishwe umeme kupitia waya ule ule wa sauti. Studio zao zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura. Basi wakautumia huo, na dunia nzima ikafuata. Unapobonyeza kile kitufe Tanga, unatumia volti za taa za Wanorway.

Ukishaona waya na fantomu ni salama, rudi kwenye maiki kwa majaribio mawili yasiyohitaji bisibisi. La kwanza ni swichi ya mwelekeo, ile inayochagua maiki isikie wapi: moyo ni mbele, duara ni pande zote, nane ni mbele na nyuma. Weka alama ya moyo, sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, kisha duara, kisha nane. Kwenye moyo kiwambo cha mbele ndicho kinachobeba kazi. Mkaango ukiwa kimya kwenye moyo na ukaja kwenye duara na nane, uchafu uko nyuma. Ukiwa kote, uko mbele au uko ndani zaidi. Mimi ningeweka dau kwa mbele, maana huko ndiko midomo iliko.

La pili ni kukausha. Tafuta kontena la chakula lenye mfuniko wa mpira, weka gramu 200 za silika kavu (punje zinazonyonya unyevu) kwenye kifuko cha kitambaa, weka maiki juu ya taulo ndogo isiyotoa nyuzi, funga saa 48. Usiifungue kuchungulia. Kisha ichomeke mapema asubuhi, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Ikianza kimya halafu mkaango ukarudi baada ya saa moja au mbili, una jibu: uchafu kwenye kapsuli au karibu yake. Ikikaanga vilevile kuanzia sekunde ya kwanza, shaka inahamia kwenye FET, kapasita au maungio. Usitumie mashine ya kukaushia nywele wala kuianika juani. Na mchele, ambao kila mtu mtandaoni anaupendekeza, una vumbi la pumba. Kiwambo chenye chaji hulivuta vumbi hilo kama kioo cha televisheni za zamani kilivyovuta.

Fundi wako, au fundi mwingine, ana jaribio la tatu na ndilo linalomaliza ubishi. Anaitoa kapsuli na kuweka mahali pake kapasita ya kawaida ya pikofaradi 68 au karibu na hapo, anafunga kichwa cha chuma ili mvumo wa umeme wa nyumba usiingie, na kusikiliza. Mnong'ono ukiwa laini na mkaango umeondoka, tatizo ni kapsuli. Mkaango ukiendelea na kapasita isiyo na kiwambo wala mate, basi kapsuli umeisingizia. Kipuri hicho bei yake haifiki ya soda. Fundi ambaye anataka kukuuzia kapsuli bila kufanya jaribio hili, mshukuru, chukua maiki yako, nenda.

Tuseme imethibitika ni uchafu. Kusafisha kapsuli si kazi ya kujifunzia kwenye maiki inayokulisha, na nitakwambia nimejuaje. Nilikuwa kijana, miaka yangu ya mwanzo redioni, nimepewa maiki kubwa ya Kijerumani niitoe vumbi kichwani. Niliona uzi mdogo wa pamba umelala kwenye kiwambo. Nikapuliza kwa mdomo. Uzi ukaondoka, na mahali pake pakabaki tone la mate, dogo kuliko kichwa cha pini, linang'aa juu ya dhahabu. Nikaogopa, nikachukua kijiti cha pamba cha masikioni nikaligusa, kidogo tu, kama mtu anavyofuta chozi. Nilipokiinua, pamba ilikuwa na doa la manjano. Kwenye kiwambo palikuwa na kidirisha cha plastiki tupu, na kupitia hapo niliona vitundu vya bamba la nyuma. Maiki haikufa, ila toka siku hiyo ilikuwa na mnong'ono ambao sote tulijifanya hatuusikii.

Anayejua anafanya hivi. Meza safi, feni imezimwa, mikono imeoshwa. Kapsuli inatolewa kwenye nguzo yake na kulala kwenye kishikio, haishikwi usoni. Vumbi kavu linanyanyuliwa kwa ncha ya burashi laini sana ya mchoraji, burashi inapita bila uzito. Kwa mate yaliyokauka anatumia maji yaliyotoneshwa, yale yasiyo na madini yoyote, kwa sababu maji ya bomba yakikauka yanaacha chumvi na tutakuwa tumerudi tulipotoka. Analowesha burashi, anaweka tone, anasubiri. Kusubiri ndiyo sehemu kubwa ya kazi: chumvi ya mate inayeyuka yenyewe ikipewa muda, haihitaji kusuguliwa. Kisha anainyonya kwa kona ya karatasi ya kusafishia lenzi, tone lingine, ananyonya tena. Halafu ukingo wa kihami, pale pete inapokutana na kiwambo, na hapo ndipo uvujaji wako ulipo hasa. Wengi wanang'arisha dhahabu katikati wakaacha ukingo, wakashangaa mkaango kurudi. Mwisho kapsuli inakaa kwenye kisanduku cha silika siku nzima kabla ya kupewa volti. Hakuna hewa ya kopo, hakuna pampu, hakuna mdomo.

Wakati kapsuli iko nje, wavu wa kichwa uoshwe nao. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mzee, suuza, kausha mpaka ndani ya tabaka. Utashangaa rangi ya maji. Nimewahi kuosha wavu wa maiki ya studio moja ya matangazo, maji yakatoka kama chai ya rangi, na mwenye maiki akagundua kuwa zile sauti za juu alizokuwa akiziongeza kwenye miksa kwa miaka zilikuwa zimezibwa na lipstiki na mate. Kwenye maiki zenye sponji ndani ya wavu, sponji ikianza kukatika kwa kuibonyeza na kucha, itolewe yote. Inageuka unga, na unga huo unajua njia ya kwenda kwenye kiwambo.

Sasa upande wa umeme. Pale kapsuli inapoungana na FET na ile rezista ya gigaomu kuna eneo dogo, labda ukubwa wa ukucha wa gumba, ambalo kila kitu kinachogusa ni uvujaji. Alama moja ya kidole inatosha. Ulimbo uliobaki baada ya kulehemu unatosha. Ukimpa fundi maiki ikarudi mbaya zaidi kuliko ilivyokwenda, mara nyingi ni hapo. Eneo hilo husafishwa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na burashi, kisha likakaushwa, na kapsuli ikiwa mbali. Asetoni isikaribie: kapasita za polistireni, zile zinazong'aa fedha kama peremende iliyofungwa, zinayeyuka kwa asetoni na hata kwa chuma cha kulehemu kikikaa mno. Dawa ya kopo ya kusafishia swichi nayo isipulizwe ndani ya mwili wa maiki. Swichi ya kupunguza desibeli 10 ikikwaruza, igeuzwe huku na huku mara ishirini kwanza, fantomu imezimwa. Ikigoma, dawa iwekwe kwenye ncha ya kijiti, tone moja, kwenye swichi yenyewe. Niliwahi kupokea maiki ambayo mtu aliipulizia dawa hiyo kupitia wavu. Kiwambo kilikuwa kimenata kwenye bamba kama karatasi iliyolowa kwenye dirisha. Hiyo, kweli, ilikuwa imekufa.

U 87 Ai zilianza kutoka mwaka 1986, kwa hiyo za mwanzo zina miaka 40 hivi na kapasita zao za elektroliti zinaweza kuwa zimekauka. Dalili zake ni nyingine: sauti dhaifu siku zote, besi pungufu hata wakati wa kiangazi, au mvumo. Zipimwe, na ile iliyochoka ibadilishwe kwa inayostahimili joto la nyuzi 105 na yenye thamani ile ile. Mtindo wa kung'oa kila kapasita kwa mkupuo kwa sababu "ni za zamani" siupendi. Kila unapolehemu unahatarisha ubao, na mara nyingi unaondoa kipuri kizima. Na ukimwona mtu anapima transfoma ya maiki kwa multimita kwenye omu, mzuie. Ule mkondo mdogo wa betri unaweza kukiachia kiini cha chuma cha transfoma usumaku, na usumaku huo unasikika.

Kama jaribio la kapasita litasema kapsuli, na usafi ukishindwa, una njia tatu. Kiwanda chenyewe, ghali, lakini kinarudisha maiki uliyonunua. Mafundi wachache duniani wanaowamba upya kapsuli kuukuu kwenye bamba lake la asili, kazi nzuri ikiwa mkono ni mzuri. Na kapsuli za kuigiza, ambazo nyingine si mbaya hata kidogo, ila angalia jambo moja. Kapsuli ya ukoo wa U 87 kwa maumbile inazidisha sauti za juu, na mzunguko wa maiki umeundwa kuzipunguza kwa kiasi kinacholingana nayo. Kapsuli na mzunguko ni mume na mke. Ukiweka kapsuli ya ukoo mwingine, mzunguko utaendelea kupunguza kile ambacho hakikuzidishwa na utapata sauti ya blanketi. Kinyume chake ndicho kinachotokea kwenye maiki nyingi za bei chee: kapsuli ya umbo la U 87, mzunguko usiopunguza kitu, na herufi "s" inayokata kama wembe. Fundi akikuuzia kapsuli muulize ni ya ukoo gani. Akisema zote ni sawa, umeshapata jibu.

Ukinunua mtumba unakutana pia na za kughushi, na U 87 zinaghushiwa sana. Yako ikifunguliwa, mwambie fundi akupigie picha ya ndani na usome namba yake, uwaulize wenye kiwanda. Nasema hili mwishoni kwa makusudi, sitaki ukeshe leo.

Utunzaji wenyewe ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani, isipokuwa unataka ufanyike kila siku. Kitakachokupa shida Tanga ni kiyoyozi chenyewe. Studio yako iko nyuzi 20, nje ni 30 na unyevu asilimia 80. Katika hali hiyo umande unashika kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 26. Ukitoa maiki studioni ukaenda kurekodi maulidi uani, inatoka jasho kama glasi ya maji ya barafu, na jasho hilo liko pia kwenye kiwambo. Maiki isafiri ndani ya kisanduku kilichofungwa, na kisanduku kisifunguliwe mpaka kimepata joto la huko, saa nzima au zaidi. Wewe ndiye uwahi, usiiharakishe maiki.

Usiku isilale kwenye stendi. Irudi kwenye lile kontena la silika na kipimo kidogo cha unyevu, lenga asilimia 40 hadi 50. Kisanduku chake cha asili ni kizuri kwa kuonyesha wageni, lakini sponji yake inashika unyevu na ikizeeka inabomoka. Vile vifuko vya kwenye boksi la viatu vimeshashiba kabla havijakufikia, nunua silika ya punje. Kujua kama imeshiba, ipime kwenye mizani ya jikoni ikiwa kavu: gramu 100 zikifika 115, irudishe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu. Huna oveni, tumia sufuria yenye mchanga juu ya jiko la mkaa wenye moto mdogo, kama wapikavyo keki, na usizidishe moto, rangi yake inaungua. Mchana, maiki ikiwa kwenye stendi na hakuna kinachorekodiwa kwa saa moja mbili, ifunike na mfuko safi wa plastiki. Kwa usiku mzima mfuko unafungia unyevu humo humo.

Kichujio cha mate kiwe kati ya mwimbaji na maiki siku zote, hata kwa msomaji wa matangazo anayesema sauti yake haina "p". Soksi ya kike kwenye pete ya waya inafanya kazi sawa na ya dukani, na iwe mbali na wavu kwa upana wa kiganja. Kabla ya kuchomeka au kuchomoa shusha sauti, zima fantomu, hesabu hadi thelathini. Kapsuli ichunguzwe na mtu anayejua kila mwaka mmoja au miwili, kwa macho tu. Ikiwa safi ifungwe bila kuguswa.

Umeniuliza juu ya U 87, ila najua studio yako ina nyingine. Zile ndogo za kubana kwenye nguo ni za elektreti, jambo lililobuniwa na Sessler na West pale maabara za Bell, Marekani, mwaka 1962, chaji imefungiwa ndani ya plastiki tangu kiwandani. Hizo usizisafishe ndani, zikichoka hubadilishwa nzima. Ukijaliwa maiki ya valvu (yenye taa ya kioo badala ya transista), usiifungue kabisa: umeme wake wa ndani unaanzia volti mia na zaidi na unabaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa. Na kama kazi ya nje ya masika itaongezeka, fikiria Sennheiser za ukoo wa MKH. Zinasoma kapsuli kwa mawimbi ya redio badala ya chaji ya kudumu, kwa hiyo njia ya unyevu inazisumbua kidogo sana. Watu wa filamu wanazipeleka misituni kwa sababu hiyo.

Sasa nenda kaanze na waya, halafu fantomu, halafu zile saa 48. Ukimaliza niandikie mambo matatu: volti za pini 2 na pini 3, mkaango unasikika kwenye mwelekeo upi, na ulikaa dakika ngapi kabla ya kurudi. Mpaka hapo, kichwa cha hiyo maiki asikifungue mtu.